Bamba la Pajani

Adrien Atiman alifika Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1889. Alizaliwa karibu na Mto Niger, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari, kisha akasomeshwa utabibu Malta. Alitibu watu wa pwani ya ziwa na wa Ufipa hadi alipofariki mwaka 1956, na hospitali mojawapo ya Sumbawanga ina jina lake. Wapasuaji wa zama zake walizuia damu kwa uzi, pamba na kubana kwa vidole.

Atiman akiwa bado Karema, tarehe 1 Oktoba 1926, Harvey Cushing wa Boston, Marekani, alimrudisha mezani mgonjwa ambaye siku tatu kabla alishindwa kumtoa uvimbe kichwani kwa sababu ya damu nyingi. Safari hii alikuwa na mashine iliyoundwa na William Bovie, inayokata nyama na kuziba mishipa kwa umeme wa masafa ya juu. Uvimbe ukatoka. Lakini umeme huo uliwahi pia kupotea njia: ulipitia chombo cha chuma, ukapanda mkononi mwa Cushing mwenyewe na kutokea kwenye taa aliyovaa kichwani.

Umeme ukishaingia mwilini, lazima upate pa kutokea. Ndiyo kazi ya elektrodi ya kurudishia, bamba linalobandikwa kwenye ngozi ya mgonjwa. Kiasi cha umeme kinachopita kwenye ncha ya kisu cha mashine ndicho hicho hicho kinachopita kwenye bamba. Nchani umeme hujibana mahali padogo, ukaunguza. Kwenye bamba hutawanyika, ngozi ikapata joto kidogo tu. Bamba likibanduka nusu, sehemu iliyobaki inakuwa kisu cha pili, mahali ambapo hakuna anayetazama.

Mashine za zamani zilikuwa na hatari zaidi, kwani umeme wake ulirudi kupitia ardhini. Bamba likilegea, uliweza kutokea kwenye kiganja cha mgonjwa kilichogusa chuma cha kitanda. Mashine zilizotengwa na ardhi zilienea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 yakaja mabamba ya vipande viwili: mashine hupima mgusano wa vipande hivyo na ngozi, na bamba likibanduka inalia na kukata umeme. Bamba la kipande kimoja halina ulinzi huo. Mashine hutambua waya uliokatika tu.

Sasa mfikirie mama anayejifungua kwa upasuaji Sumbawanga mwezi Julai, baridi ya Ufipa ikiwa kali na miguu imepakwa mafuta ngozi isipauke. Bamba halishiki vizuri juu ya mafuta. Maji ya uzazi na dawa ya kusafishia ngozi huchuruzika hadi pajani, lilipo bamba. Naye mama yu macho, ila amechomwa sindano ya ganzi mgongoni: paja likiungua hatasikia chochote, na muuguzi ataona lengelenge wodini.

Kwa hiyo paja hufutwa likakauka, nywele zikanyolewa, bamba likawekwa zima juu ya msuli mnene, mbali na kovu na chuma kilichomo mwilini. La kutumika mara moja halirudiwi. Mgonjwa akigeuzwa, linakaguliwa upya. Na daktari akiona kisu hakikati kama kawaida, akaomba umeme uongezwe, muuguzi aangalie bamba kwanza kabla ya kugusa kitufe.