Askari wa kigeni wakiondoka, nani anabaki? Mara tatu katika bonde la Ruzizi: 1964, 2002, 2024



Tangu kambi ya MONUSCO ya hapa Sange ifungwe, swali ni lile lile sokoni, kanisani na kwenye mikutano ya vikundi vyetu: wamefanya vizuri kuondoka ao vibaya? Kuna wanaosema, acha waende, walikuwa wanatuangalia tu tukiuawa. Kuna wanaojibu kwamba hata taa ya kambi yao usiku ilikuwa inamfanya mwizi afikirie mara mbili. Na ndugu zetu walio bado ng'ambo ya Ruzizi kule Burundi, ao Nyarugusu kule Tanzania, wanatuma ujumbe: turudie ao tungoje kwanza? Kwa hiyo hili si neno la siasa ya wakubwa peke yake. Ni neno la nyumba na shamba.

Hii si mara ya kwanza bonde letu linaona askari wa kigeni wakifunga mizigo. Mbele ya kujibu, tuangalie nyuma mara tatu.

Mwaka wa 1964

Umoja wa Mataifa ulituma askari Kongo mwezi wa saba 1960, majuma mawili tu baada ya uhuru. Jina lao lilikuwa ONUC, na walifika karibu 20,000. Katanga ndiyo iliwashika zaidi, na utengano wa Katanga uliisha mwezi wa kwanza 1963. Kutoka hapo, kule New York hesabu ya franga ikawa nzito, kwa sababu Ufaransa na Umoja wa Kisovieti zilikataa kulipa fungu lao. Wakaweka tarehe ya mwisho: 30 Juni 1964.

Sasa tuangalie kalenda ya huku kwetu. Mwezi wa nne 1964 uasi uliwaka hapa hapa bondeni na kwenye milima iliyo juu yetu, Musa Marandura akiwa mmoja wa viongozi wake. Mwezi wa tano Uvira ikaanguka. Mwezi wa sita ikafuata Albertville, ndiyo Kalemie ya leo. Askari wa mwisho wa ONUC wakaondoka tarehe ile ile iliyoandikwa, vita ikiwa katikati. Tarehe 5 Agosti Stanleyville, leo Kisangani, nayo ikaanguka.

Sisemi kwamba ONUC ingebaki, uasi usingekuwapo. Uasi ulikuwa na sababu zake za ndani, na wazee wetu wanazijua. Ninachosema ni kwamba ile tarehe ilipangwa juu ya Katanga na juu ya franga. Hali ya Uvira haikuhesabiwa. Na nafasi waliyoiacha haikukaa wazi. Serikali ya Tshombe ilileta askari wa kukodiwa kutoka nje. Upande wa waasi wakaja Wakuba pamoja na Che Guevara, waliovuka ziwa kutoka Kigoma mwezi wa nne 1965. Hao nao waliondoka mwezi wa kumi na moja, kwa ziwa lile lile, baada ya serikali ya Tanzania kuomba msaada wa Cuba usimame. Mashua ziliwachukua Wakuba. Watu wa Fizi walibaki na vita yao.

Mwaka wa 2002

Hapa lazima tutofautishe, tusiweke wote kapu moja. Jeshi la Rwanda lililokuwa bondeni tangu 1998 pamoja na RCD halikuwa jeshi la kulinda amani. Watu wa Katogota hawajasahau tarehe 14 Mei 2000. Kila mtu alitaka jeshi lile liondoke, na alikuwa na haki kulitaka.

Tarehe 30 Julai 2002 Joseph Kabila na Paul Kagame walitia saini Pretoria. Rwanda ilipewa siku 90, na mwanzoni mwa mwezi wa kumi ilitangaza kwamba zaidi ya askari 20,000 wamerudi kwao. Karatasi ikatimizwa. Lakini hapa kwetu RCD ilibaki bila mgongo. Tarehe 13 Oktoba Mai-Mai waliingia Uvira, na tarehe 19 Oktoba RCD ikaurudisha mji. Ndani ya juma moja Uvira ilibadilisha mabwana mara mbili, na raia ndiye aliyelipa mara zote mbili. MONUC ilikuwapo Kongo tangu 1999, lakini wakati ule kazi yake kubwa ilikuwa kuangalia na kuandika ripoti. Mapatano ya Pretoria yalihesabu vizuri askari wanaotoka. Hayakusema nani ataamka Uvira kesho yake asubuhi na kulinda mji.

Hata hivyo tuseme ukweli wote. Kule kuondoka ndiko kulifungua mlango. Mwezi wa kumi na mbili mwaka ule ule Wakongomani walipatana wao kwa wao, serikali ya mpito ikaanza 2003, na kuanzia mwezi wa kumi 2005 mashua za HCR zilianza kuleta wakimbizi kutoka Kigoma mpaka Baraka. Wako wanachama wanaosoma gazeti hili ambao walishuka kwenye mashua zile. Jeshi la kigeni lingebaki, wasingerudia. Kwa hiyo historia haisemi kwamba kuondoka ni kubaya. Inatuuliza kuondoka kunafuatwa na nini.

Mwaka wa 2024

MONUSCO tunaijua kwa macho yetu. Kila mmoja wetu ana hesabu yake nayo, na hesabu yenyewe ina kurasa mbili.

Ukurasa wa kwanza ni tarehe 2 Julai 2010, siku moja baada ya MONUC kubadilisha jina na kuwa MONUSCO. Lori la mafuta lilianguka hapa Sange na kuwaka moto. Watu zaidi ya 230 walikufa. Askari Wapakistani walisaidia kubeba waliochomeka, na helikopta zao ziliwapeleka wengine hospitali. Usiku ule nani mwingine alikuwa na helikopta?

Ukurasa wa pili ni Mutarule, usiku wa tarehe 6 Juni 2014. Watu zaidi ya 30 waliuawa, wengi wao wakiwa kwenye ibada. Kambi ya MONUSCO ilikuwa kilometa chache tu kutoka pale. Habari iliwafikia, lakini hawakufika kwa wakati wa kuokoa watu. Mtu wa Mutarule akisema hawa waende, hatuna la kumjibu.

Serikali yetu iliomba waondoke, na Baraza la Usalama likakubali kwa azimio 2717 la Desemba 2023. Tarehe 28 Februari 2024 kambi ya Kamanyola ilikabidhiwa polisi ya taifa, zikafuata nyingine, Sange ikiwamo. Mwisho wa mwezi wa sita kazi ya MONUSCO Kivu Kusini ikafungwa, miaka 60 kamili baada ya ONUC. Na tazama: mwezi uliofuata serikali yenyewe ikasema kwamba awamu ya pili, ile ya Kivu Kaskazini na Ituri, ingoje kwanza, kwa sababu hali ya vita hairuhusu. Kumbe kalenda inaweza kungoja hali. Kwetu haikungoja.

Wakati huo huo askari wa Burundi wako katika jimbo letu, kwa mapatano ya Kinshasa na Bujumbura. Hao nao siku moja wataitwa nyumbani. Kule kwao habari zimeandikwa za askari waliohukumiwa kwa kukataa kuja kupigana Kongo. Yule kijana ana mama yake, na mama hawezi kumkopesha mtoto kwa vita ya jirani milele. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Usalama unaokaa juu ya mtoto wa nchi nyingine ni wa kuazima, na mwenye nguo atakuja kuichukua.

Tufanye nini basi?

Mimi naona tumeuliza swali lililopinda. Kama wabaki ao waende, sisi hatukuulizwa mwaka wa 1964, wala 2002, wala 2024. Lakini kuna maswali matatu ambayo tunaweza kuyauliza kwa sauti kubwa, mbele ya kila kuondoka. La kwanza: nani anachukua ile nafasi, jina la kikosi na idadi yake? La pili: analipwa kila mwezi, ao atakula kwetu kwa kizuizi cha barabarani? La tatu: usiku watu wakishambuliwa, tunapiga simu kwa nani, na je, ana gari lenye mafuta?

Kwa ndugu walio kambini, chama kisiwaambie "rudieni" wala "msirudie" kwa kuangalia bendera iliyo kwenye kambi. Kiwape ukweli wa kijiji kwa kijiji: shamba linalimika? Njia inapitika mpaka saa ngapi? Nani anakaa kwenye kituo?

Kwa marafiki wafadhili, ombi letu ni moja. Kuondoka kwa askari na kuondoka kwa msaada kusifuatane mwaka mmoja. Familia iliyorudia na mbegu ya msimu mmoja haijasimama. Na kamati za amani, ambamo Bafuliiru, Barundi, Bavira na Banyamulenge wanakaa meza moja, zinaomba franga kidogo sana zikilinganishwa na kambi moja ya jeshi. Watu wa kamati hizo hawana zamu ya kumaliza wapande ndege. Hapa ndipo kwao.

Kwa mkutano mkuu unaokuja, tunaomba kila kikundi kilete majibu ya yale maswali matatu kwa kijiji chake. Andikeni kwa daftari, kwa Kiswahili ao kwa Kifuliiru, haidhuru. Tutayakusanya, na tutayapeleka kwa msimamizi wa teritware tukiwa wengi.