Hifadhi ya barabara ndani ya kompyuta (na jinsi nilivyomtia hasara mwenzangu wa chumba)

Najua nimewatupa, mara ya mwisho kuandika hapa ilikuwa kabla ya UE. Leo sina umbea wa hosteli. Nina historia, tena ya kitu ambacho wengi mmekitumia asubuhi hii bila kukifikiria. Wale wa sheria na sosholojia msikimbie, hakuna hesabu.

Ilianza hivi. Mwenzangu wa chumba ana laptopu kuukuu aliyoinunua mtumba Kariakoo, na ndani yake kuna Linux niliyomwekea mimi mwenyewe kwa mbwembwe zote. Jumatatu nikamshauri aipandishe toleo la keneli. Kisha, kwa kuwa diski ilikuwa imejaa, nikafuta keneli ya zamani. (Nishasema ni mimi, msinisute kwenye maoni.) Akazima, akawasha: kioo cheusi. Hakuna herufi, hakuna feni kubadilika sauti, kimya cha makaburini. Na Ijumaa alikuwa na presentesheni ya projekti ya mwaka wa mwisho.

Tukaingiza flashi yenye programu ya kupima RAM, tukaiacha usiku kucha. Asubuhi kuna mistari myekundu: makosa, yote katika kipande kimoja kidogo karibu na gigabaiti ya 3. Nikatoa hukumu kama daktari bingwa: RAM imekufa. Mwenzangu akaenda kununua nyingine, shilingi 45,000, hela ya kula ya wiki mbili jamani. Tukaipachika, tukapima upya. Makosa yaleyale, mahali palepale, namba kwa namba.

Hapo ndipo nilipokaa chini. RAM mbili za viwanda viwili haziwezi kuharibika mahali pamoja. Maana yake pale pana mtu mwingine anaandika, na sisi ndio wavamizi.

Sasa tuingie kwenye historia.

Mnajua ile alama ya X nyekundu inayochorwa kwenye nyumba zilizo ndani ya hifadhi ya barabara. Umejenga, una hati ya serikali ya mtaa, watoto wamezaliwa hapo, siku moja unaamka unakuta X. Kosa ni la nani? Wewe uliyejenga, au aliyekuuzia bila kukuonyesha mawe ya mpaka? Memori ya kompyuta ina hifadhi za namna hiyohiyo, na keneli ndiyo mjenzi. Akijenga kwenye hifadhi, nyumba inabomolewa mashine ikiwa inawaka, na wewe unaona kioo cheusi tu.

Mawe ya mpaka ya kwanza yaliwekwa mwaka 1981. Prosesa ya IBM PC, yaani Intel 8088, ilikuwa na nyaya 20 za anwani, kwa hiyo iliweza kuona megabaiti 1 basi, baiti 1,048,576. Waliounda mashine ile wakaikata: kilobaiti 640 za chini kwa ajili ya programu, kilobaiti 384 za juu kwa ajili ya kadi ya video na bayosi. Kwa wakati ule ilikuwa ni ukarimu, maana mashine ya bei ya chini kabisa iliuzwa na kilobaiti 16 za RAM. (Ile kauli anayosingiziwa Bill Gates kuhusu 640 kumtosha kila mtu mwenyewe ameikana, acheni kuiweka kwenye assignment.) Na prosesa ikipewa umeme ilikuwa inaanza kusoma baiti 16 kabla ya mwisho wa megabaiti hiyo, ndiyo maana bayosi ikawekwa huko juu. Mantiki ilikuwepo. Tatizo ni kwamba barabara ile ilipita katikati ya kiwanja, na mji ulipokua ikabidi watu wajenge ng'ambo yake.

Mwaka 1982 ikaja 286 yenye nyaya 24, megabaiti 16. Lakini programu za zamani zilikuwa zimezoea kwamba ukivuka megabaiti 1 unarudi sifuri, na nyingine zilitegemea jambo hilo. IBM walipotoa PC/AT mwaka 1984 wakatafuta dawa: wakaweka geti kwenye waya wa 21, ule unaoitwa A20, likifungwa mashine inajifanya ya zamani. Na geti hilo wakalifunga wapi? Kwenye chipu ya kibodi! Ilikuwa na pini moja ya ziada. Ukitaka memori yote, unaiomba kibodi. Nilipolisoma hili nilicheka hadi jirani akagonga ukuta. Ila matokeo yake hayachekeshi: keneli ikiwaka bila geti kufunguka, kila megabaiti ya pili inakuwa kivuli cha iliyotangulia. Unaandika huku, unaharibu kule.

Linus Torvalds alipoanza Linux mwaka 1991 pale Helsinki, alikuta urithi huo wote. Toleo 0.01 linalifungua geti la A20 kwa kusubirisubiri chipu ya kibodi, na kiasi cha RAM kimeandikwa moja kwa moja ndani ya msimbo: megabaiti 8. Una mashine tofauti? Badilisha mwenyewe, unda upya. Kufikia toleo 0.11, Desemba mwaka huohuo, keneli ilikuwa inaiuliza bayosi: una RAM kiasi gani juu ya megabaiti 1? Bayosi inajibu kwa kilobaiti, kwa namba ya biti 16.

Biti 16 maana yake jibu kubwa kabisa ni 65,535. Yaani megabaiti 64 kasoro kidogo. Miaka ya 90 watu walianza kununua RAM zaidi ya hapo, na Linux ikawa haioni kilichozidi; wakubwa wetu walioanza enzi hizo watawaambia walivyokuwa wakiandika mem=128M kwa mkono wakati wa kuwasha. Lakini ubaya mkubwa wa swali lile ni mwingine. Lilikuwa linauliza ukubwa wa kiwanja, halikuuliza barabara inapita wapi.

Swali sahihi lilikuja na huduma ya bayosi inayoitwa E820, jina ambalo ni namba tu unayoiweka kwenye rejista kabla ya kuita. Hii haitoi jumla, inatoa ramani: kipande kinaanzia hapa, urefu huu, aina hii. Aina ya 1 jenga, aina ya 2 hifadhi usiguse, ya 3 ni jedwali za ACPI (ukishazisoma unaweza kupachukua), ya 4 ni za ACPI ambazo hutakiwi kuzigusa kamwe. Keneli ikiwaka, kati ya mistari ya kwanza kabisa inayoiandika ni ramani hiyo. Andikeni dmesg kwenye mashine zenu mtaiona.

Mngedhani hadithi inaishia hapo. Wapi! Ramani inachorwa na mtengenezaji wa bayosi, na mtengenezaji huyo anaijaribu mashine kwa Windows, ikiwaka anaiuza. Zikatokea ramani zenye vipande viwili vinavyopandana, kimoja kinasema jenga na kingine kinasema hifadhi, kama kile kiwanja kimoja kuuzwa kwa watu wawili. Keneli ikalazimika kuwa na kazi maalumu ya kuisafisha ramani kabla ya kuiamini. Palipo na ubishi, aina yenye namba kubwa ndiyo inashinda, kwa hiyo hifadhi inaishinda ruhusa ya kujenga. Zikatokea pia bayosi zenye kipande chao cha akiba chini kidogo ya kilobaiti 640 ambacho hawakukitaja popote isipokuwa kwenye kikaratasi kimoja huko chini kwenye memori. Keneli inasoma kikaratasi, inazuia kuanzia hapo hadi megabaiti 1.

Mbaya zaidi ni bayosi zinazosema jenga halafu zinarudi kuchafua. Mashine inawaka vizuri, unailaza, ikiamka mambo yanavurugika, maana bayosi imeandika kwenye kilobaiti za chini ambazo ilisema ni zako. Mwaka 2008 keneli ikaongezwa mlinzi: kila sekunde 60 anakagua kilobaiti 64 za mwanzo, akikuta baiti imebadilika bila keneli kuigusa anapiga kelele kwenye logi. Kwa muda walikuwa wakiandika orodha ya bayosi wakorofi, lakini orodha haikuisha kukua. Mwaka 2010 wakachoka: H. Peter Anvin akafanya zile kilobaiti 64 zisitumike kwenye mashine yoyote, isipokuwa mwenyewe uamue vingine. Hakuna tena kuuliza bayosi ni ya nani.

Mara nyingine mkorofi ni chuma chenyewe. Prosesa za Intel za Sandy Bridge, zilizotoka mwaka 2011, zilikuwa na kasoro kwenye grafiki za ndani: haziwezi kufikia vizuri kitu chochote chini ya megabaiti 1, pamoja na kurasa tano zilizotawanyika huko juu kama mashimo barabarani. Hakuna ramani iliyozitaja. Mwanzoni mwa 2013 kiraka kikaingia kwenye keneli kinachozitaja moja moja kwa anwani na kuzizuia.

Halafu 2021. Wakati wa kuandaa toleo 5.13 walipanga upya msimbo wa uwakaji ili hifadhi zote zizungushiwe uzio mapema, kabla ya mtu yeyote kuanza kugawa viwanja. Kwa akili ya kawaida ni jambo jema. Kompyuta kadhaa zikagoma kuwaka. Kutafuta mashine moja moja ina nini kungewala miezi, kwa hiyo kiraka cha Mike Rapoport kikakata mzizi: megabaiti 1 ya mwanzo yote, siku zote, kila mashine ya x86, hifadhi. Inabaki ruhusa moja tu. Kila kiini cha prosesa kikiamshwa kinaamka kikijidhani ni 8086 ya mwaka 1978, hakioni zaidi ya megabaiti 1, kwa hiyo lazima kiwekewe ngazi huko chini. Keneli inajitwalia kwanza nafasi ya hiyo ngazi, ndipo inafunga geti. 5.13 ikatoka Juni 2021 ikiwa hivyo.

Tafakarini: kiwanja kilekile kilichokuwa kompyuta nzima mwaka 1981 kimefungiwa uzio chote, miaka 40 baadaye. Megabaiti 1 kwenye mashine ya gigabaiti 8 ni sehemu moja kati ya 8,192. Wapo wanaosema huko ni kukubali kushindwa, kwamba waliokosea wangelazimishwa kurekebisha bayosi zao. Mimi zamani nilikuwa upande huo. Siku hizi hapana. Aliyeandika bayosi ya laptopu ya mwenzangu ameshasahau kwamba iliwahi kuuzwa, wakati keneli iko hai na ina watu wanaosoma malalamiko. Anayeweza kurekebisha ndiye anayerekebisha, hata kama kosa si lake. (Kwenye simu zetu za ARM hakuna bayosi ya kuuliza, hifadhi zinaandikwa kwenye faili linalokabidhiwa keneli. Ukisahau mstari mmoja ukagusa memori ya eneo la usalama, simu inakata bila neno. Siendelei, itakuwa posti nyingine.)

Turudi chumbani. Flashi yenye keneli ya zamani iliwaka, hivyo kazi ya mshkaji ilikuwa salama, tukainakili kwanza. Nikasoma ramani ya E820: kile kipande chenye makosa kimeandikwa aina ya 1, jenga bila wasiwasi, na kimekaa ukutani kabisa na eneo la grafiki. Nadhani bayosi iliipa kadi ya video zaidi ya ilivyotangaza. Keneli ya zamani ilikuwa na bahati tu, haikuwahi kuweka kitu cha maana pale mapema. Mpya ikajenga sebule.

Dawa ni mstari mmoja wa kuwashia: memmap, kisha ukubwa, alama ya dola, kisha anwani. Nikazuia megabaiti 16. Nikawasha, ikafa mapema kuliko mwanzo! Nusu saa nzima nahangaika ndipo nikagundua kwamba GRUB inaiona dola kama mwanzo wa jina la kigezo, inaimeza pamoja na sifuri inayoifuata. Kilichomfikia keneli ni "memmap=16M" na takataka nyuma yake, naye akaelewa kwamba mashine nzima ina megabaiti 16. Inabidi dola itanguliwe na mikwaju ya kinyume, tena kwenye faili la mipangilio inahitajika zaidi ya mmoja maana linasomwa mara mbili. Nikaongeza mikwaju. Ikawaka saa tisa na dakika kumi usiku wa Alhamisi, mwenzangu amelala na daftari kifuani, sikumwamsha.

Presentesheni amefanya. Muuza RAM amekataa kurudisha hela, anasema plastiki ilishafunguliwa, na kusema kweli ana haki. Tumeipachika hivyohivyo pembeni ya ile ya zamani, laptopu sasa ina gigabaiti 8 kasoro megabaiti 16. Nimeshamlipa 20,000. Hizo 25,000 zilizobaki, boom likiingia.