Mizigo ya Nyumbani: Bidhaa za Ugenini Zilivyofika Shinyanga na Geita

Kutuma nyumbani bidhaa iliyonunuliwa ugenini, kwa gharama ambayo msafiri wa kawaida anaimudu, ni shughuli kongwe katika nchi iliyo kusini mwa Ziwa Victoria, kuanzia Shinyanga na Kahama hadi kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita. Vyombo vimebadilika, kutoka bega la mpagazi hadi treni, meli, posta na basi, lakini siri ya unafuu imebaki ile ile. Mzigo mdogo umekuwa rahisi kila ulipopata nafasi katika safari ambayo mzigo mkubwa ulikwisha kuilipia.

Katika karne ya 19 Wanyamwezi na Wasukuma walijulikana kwa kazi ya upagazi kati ya bara na pwani. Safari yenyewe ilikuwa ndefu. Mwaka 1857 wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke walitumia siku 134 kutoka pwani hadi Kazeh, ambayo ni Tabora ya leo. Mwaka uliofuata Speke alielekea kaskazini, akapita Msalala, na tarehe 3 Agosti akaliona ziwa karibu na Mwanza.

Msafara ulioshuka na pembe za ndovu ulipanda kutoka Bagamoyo na nguo. Nguo zilikunjwa na kushindiliwa kuwa mtumba mrefu, zikafungwa kwa mkeka na kamba, na mzigo mmoja ulifikia takriban kilo 30. Huo ulikuwa mali ya tajiri. Juu yake mpagazi aliongeza vya kwake: mkeka wa kulalia, chungu, posho, na vitu alivyonunua au kupewa kama ujira. Vitu hivyo havikuwa na nauli, ila kila ratili iliyoongezeka ilimwelemea mwenyewe. Ndiyo maana vilivyopendwa vilikuwa vyepesi na vyenye thamani nyumbani: shanga, nyaya za shaba, kaniki ya India, na merikani iliyofumwa katika viwanda vya kaskazini mwa Marekani. Majembe hayakuhitaji kuchukuliwa pwani, kwa kuwa Warongo wa Uzinza, kandokando ya Geita, waliyeyusha chuma na kuyafua wenyewe.

Njia ya bidhaa iligeuka mwanzoni mwa karne ya 20. Reli ya Uganda kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na muda si mrefu meli za mvuke zikawa zinaiunganisha Kisumu na Mwanza. Kwa miaka kadhaa mizigo ya Usukuma ikapitia Mombasa badala ya Bagamoyo. Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912, na tawi lake la kwenda Mwanza, linalopita Isaka na Shinyanga, lilikamilika mwaka 1928. Pamba iliteremka kwenda bandarini, na bidhaa za madukani zikapanda. Aliyekuwa Dar es Salaam sasa aliweza kukabidhi sanduku kwa karani wa stesheni, likapimwa, akapewa risiti, na ndugu yake akalipokea Shinyanga bila mtu yeyote kulibeba kichwani.

Reli ilikuja wakati ambao watu wengi zaidi walikuwa wakiishi mbali na kwao. Vijana wa Unyamwezi na Usukuma walikwenda Tanga kukata mkonge, na kuanzia mwaka 1944 ofisi ya waajiri iliyoitwa SILABU iliandikisha vibarua na kuwapangia usafiri. Ugeni ulikuwepo hata ndani ya ukanda wenyewe. Dhahabu ya Geita, ambayo Wajerumani waliigundua mwaka 1898, ilichimbwa na mgodi mkubwa kuanzia 1936 hadi 1966, na almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940. Migodi hiyo ilikusanya watu wa makabila mengi waliopokea mshahara wa fedha taslimu na kuwa na jamaa wa kuwatumia vitu.

Kwa aliyekuwa ng'ambo, tegemeo lilikuwa posta. Umoja wa Posta Duniani uliundwa mwaka 1874, na mkataba wa Paris wa mwaka 1880 ukaruhusu vifurushi vya hadi kilo 3 kuvuka mipaka. Posta za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa mwaka 1933. Mtumaji alikuwa na njia mbili: ndege, ya haraka na ghali, au meli, ya bei nafuu lakini yenye kusubiriwa kwa miezi. Vitabu vilitozwa kiwango cha chini, jambo lililowasaidia sana wanafunzi waliosoma Ulaya na India. Kijijini kifurushi kilifikia sanduku la posta la shule, parokia au mwajiri, maana familia chache zilikuwa na sanduku lake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 huduma hiyo ya pamoja nayo ikafa, na Shirika la Posta Tanzania lilianza kazi mwaka 1994.

Wakati huo basi lilikuwa limekwisha kuwa mshindani mkubwa. Katika ofisi ya basi mzigo hushonwa ndani ya kiroba, na jina la mpokeaji na namba yake ya simu huandikwa kwa maka peni. Karani huukadiria kwa macho, bei hupatanwa, risiti hukatwa, kisha mtumaji humpigia mpokeaji kumtajia basi. Abiria ndio wanaoilipia safari. Kiroba kinajaza buti tu. Huduma ya M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, haja ya kuficha fedha ndani ya mizigo ikapungua.

Wafanyabiashara wa Kahama na Geita wanaonunua Guangzhou au Dubai hufuata kanuni hiyo hiyo kwa kiwango kikubwa. Wakala hukusanya bidhaa za watu wengi katika kontena moja na kumtoza kila mmoja kwa mita za ujazo (CBM) alizotumia. Vitu vidogo vya thamani, kama simu, hupanda ndege na hulipiwa kwa kilo. Baada ya forodha ya Dar es Salaam, lori au basi humalizia safari. Kwa mwenye mzigo wa Geita, kivuko cha Kigongo na Busisi kilikuwa foleni ya mwisho kwa anayepitia Mwanza, hadi daraja la kilomita 3 lilipofunguliwa Juni 2025. Kipande cha reli ya kisasa kati ya Isaka na Mwanza, chenye kilomita 341, kilianza kujengwa mwaka 2021. Kitakapokamilika, unafuu wake kwa mtumaji mdogo utategemea kama kutakuwa na nafasi ya kiroba chake kando ya shehena kubwa.