Bazaine na Njia ya Verdun

Asubuhi ya tarehe 16 Agosti 1870, jeshi la Ufaransa la watu zaidi ya 130,000 lilikuwa limetanda magharibi ya ngome ya Metz, likikusudia kwenda Verdun, ndipo Jenerali Alvensleben wa Prussia, kwa kudhani amekuta mkia tu wa jeshi linalokimbia, alipolivamia karibu na kijiji cha Vionville kwa watu wapatao 30,000. Alipotambua hatari aliyojitia hakurudi nyuma, bali alizidisha mashambulizi ili adui asiujue uchache wake. Na mizinga ya Wafaransa ilipomwelemea, aliwatuma wapanda farasi 800 wa Jenerali Bredow, wakapenya hata kwenye mizinga yenyewe, na karibu nusu yao wasirudi.

Jemadari Bazaine, amiri wa Wafaransa, hakuwa mwoga. Aliingia jeshini akiwa askari wa kawaida, na siku hiyo, alipokuwa akiipanga mizinga mwenyewe karibu na Rezonville, alizukiwa ghafula na wapanda farasi wa Brunswick hata ikambidi achomoe upanga. Lakini kupanga mizinga ni kazi ya nahodha. Amiri alitakiwa kutazama upande wa kulia, kuelekea Mars-la-Tour, ambako adui walikuwa wachache mno. Naye, kwa hofu ya kutengwa na Metz, alirundika askari upande wa kushoto, na usiku ule akaamuru jeshi lirudi kuelekea ngomeni, akitoa udhuru wa uhaba wa chakula na risasi.

Siku mbili baadaye, askari walinzi wa mfalme wa Prussia walipanda mteremko mtupu wa Saint-Privat, wakaanguka wapatao 8,000 mbele ya bunduki za Wafaransa wa Jemadari Canrobert. Naye Bazaine alikaa Plappeville, mbali na vita, asimpelekee Canrobert msaada wa maana, hata Wasaksoni, washirika wa Prussia, wakamzunguka na kijiji kikatekwa.

Jeshi la Bazaine likarudi Metz na kuzingirwa humo. Jemadari MacMahon, Mfaransa mwenzake aliyetumwa kuwaokoa, alishindwa Sedan, na tarehe 2 Septemba Kaizari Napoleon III wa Ufaransa mwenyewe akawa mateka. Bazaine alisalimu amri tarehe 27 Oktoba pamoja na watu wapatao 170,000. Naam, hilo ndilo lililo zito kuliko yote: kwa kusalimu kwake, jeshi la Mwanamfalme Friedrich Karl lililoizingira Metz lilipata nafasi ya kwenda mto Loire, ambako majeshi mapya ya Jamhuri iliyotangazwa baada ya Napoleon kutekwa, baada ya kushinda Coulmiers tarehe 9 Novemba, yalikuwa yameukomboa mji wa Orléans, na mwanzoni mwa Disemba Orléans ulipotea tena.