Mgeni Mwenye Mabawa: Kutoka Hekaya za Pwani hadi Riwaya ya Mombasa

Ukisimama jioni karibu na bandari ya kale ya Mombasa utawaona kunguru wakitua juu ya mapaa ya Mji wa Kale. Wengi wao ni wa jamii iliyotoka Bara Hindi na kufikishwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19. Ndege huyu tunayemfukuza jikoni kila siku ni mgeni aliyevuka bahari, kama zilivyovuka hadithi nyingi tunazozifundisha. Makala haya yanadai kuwa kiumbe mwenye mabawa katika masimulizi ya pwani ni mgeni, na kwamba hadithi huwapima wenyeji kwa namna wanavyompokea.

Tuanze na ruhu, yule ndege wa Alfu Lela Ulela mwenye uwezo wa kumbeba ndovu. Marco Polo, katika karne ya 13, aliarifiwa kuwa makao yake ni visiwa vya upande wa Madagascar. Kisiwani humo aliishi kweli ndege mkubwa mno, ambaye sasa ametoweka. Hakuweza kuruka, lakini huenda mayai yake ndiyo yaliyowapa mabaharia mbegu ya hadithi.

Katika kisa cha Sultani Majnuni, alichokichapisha Edward Steere mwaka 1870 kutokana na masimulizi ya Unguja, ndege huja kila mwaka kula tende za sultani. Wana wakubwa wanalinda, wanalala. Mdogo wao anayedharauliwa, Mkaa Jikoni, anatafuna nafaka yenye mchanga ili asisinzie, na anamkamata. Kisha anafanya jambo muhimu kuliko kukamata: anamsikiliza. Ndege anampa unyoya na ahadi ya kumsaidia. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Sasa linganisha na popobawa. Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa vyama vingi Zanzibar, uvumi wake ulianzia Pemba ukavuka hadi Unguja. Watu walikesha nje ya nyumba zao kwa hofu. Huko Unguja, mtu mwenye maradhi ya akili aliuawa na umati uliomdhania kuwa ndiye popobawa. Hapa hapakuwa na Mkaa Jikoni wa kusikiliza. Uvumi ulirejea mwaka 2007, safari hii Dar es Salaam.

Hali hii si ya pwani yetu pekee. Tengu wa Japani, katika masimulizi ya kale, alikuwa na mdomo wa ndege na aliwapotosha watawa wa Kibudha. Baadaye akapewa pua ndefu na heshima ya mlinzi wa milima. Kiumbe hubadilika kadiri hofu ya wasimulizi inavyobadilika.

Riwaya ya kisasa imeurithi mtihani huu. Katika The House of Rust (2021), iliyoandikwa kwa Kiingereza na Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa, msichana Aisha anakwenda baharini kumtafuta babake mvuvi, akiongozwa na paka anayesema. Kunguru nao wanasema. Mwandishi hakuhitaji kuagiza zimwi kutoka mbali. Amempa kauli ndege wa mapaa yetu.

Kwa hivyo, wewe mtahiniwa, usikimbilie kuandika kuwa kisa fulani ni hurafa kwa sababu tu kina ndege. Shujaa wa Sultani Majnuni ni binadamu. Ndege ni mtihani wake. Jiulize: kiumbe huyu ametoka wapi, anataka nini, na nani anamsikiliza? Nawe mwalimu, unapofundisha dhima ya fantasia, usiishie kwenye kuburudisha. Wakumbushe wanafunzi yule mgonjwa wa 1995. Yeye hakuwa na mabawa. Aliyavishwa na waliomwogopa.