Juhudi zilifanyika... na nani?

UE zimekaribia, hosteli nzima watu wanapiga msuli, wengine msuli tembo matokeo sisimizi kama kawaida. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo akimwandikia barua mkuu wa idara, msuli unageuka "jitihada". Mimi kama mtoto wa Kigoma nikaona hili tuliangalie kihistoria kidogo.

Jitihada, juhudi na kujitahidi ni ndugu wa mzizi mmoja wa Kiarabu, uleule uliotupa jihadi. Serikali nayo ililipenda neno: Azimio la Arusha la 1967 lilitaja juhudi na maarifa kuwa masharti ya maendeleo. Upande wa pili kuna maneno ya mwili: kukaza, kukomaa, kutoka jasho, kupiga mzigo. Hata wakubwa huyakimbilia wakitaka watu wainuke. Miaka ya 1970 tuliambiwa kilimo cha kufa na kupona, na 2015 Magufuli akaja na "Hapa Kazi Tu".

Tofauti yake si adabu tu, jamani. "Juhudi zilifanyika" inakamilika bila mtu yeyote ndani yake. "Walikomaa" haiwezi, lazima kuwe na wao.

Sasa ukisoma kwamba Ujiji ya karne ya 19 ilikua kwa juhudi za biashara, humwoni mpagazi aliyetembea zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pwani na mzigo wa kilo 30 hivi. Meli yetu Liemba vilevile. Ilijengwa Ujerumani 1913, ikafunguliwa, ikasafirishwa kwenye masanduku kama 5,000, ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa ziwani 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe, 1924 Waingereza wakaiibua, 1927 ikarudi kazini. Nani alibeba? Nani aligonga ribiti? "Juhudi" haikwambii.

Ndugu zetu wa ng'ambo, Kongo, wanasema mtu "anatumika" wakimaanisha anafanya kazi. Kwa sikio la Dar hiyo ni kama kutumiwa na mwingine. Kwa wapagazi wengi, hata maana ya Dar ingewafaa.

Kwa hiyo wana historia wenzangu, kwenye tasnifu andikeni jitihada, sikatai. Ila kila ukiiandika, jiulize ni mgongo wa nani.

Haya, kwenu mtu aliyekaza kwelikweli mnamwitaje? Tuko pamoja!