Maneno marefu ya Kiingereza: kuyavunja vipande ni kushinda nusu ya muchezo

Mutu anayejifunza Kiingereza, akuwe Goma, Bukavu, Bunia ao Uvira, hakosi kukutana na neno lenye kujaza nusu ya mustari. Wengi wanaliruka. Wengine wanalishika kwa kichwa lote muzima, na kesho yake limepotea. Kumbe neno refu la Kiingereza mara nyingi ni vipande vidogo vilivyofungwa pamoja. Mwenye kujua vipande anashinda katika michezo ya maneno, tena anasoma vizuri kontrati, tangazo la kazi na karatasi ya biashara. Tangu Kongo ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, karatasi za namna hiyo ziko na uzito zaidi.

Kiswahili kinafungua mulango

Neno "hatutasikilizana" liko na herufi 16. Mutoto analisema bila shida, sababu anasikia kila kipande: "ha" inakana, "tu" ni sisi, "ta" ni wakati utakaokuja, na "na" ya mwisho inaonyesha mutu na mwenzake. "Misunderstanding" pia liko na herufi 16. "Mis" ni vibaya, "understand" ni kuelewa, "ing" inageuza tendo kuwa jina. Jumla yake: kuelewa vibaya, kutoelewana.

Vilevile "unforgettable" ni "un" inayokana, "forget" ni kusahau, na "able" ni kuwezekana. Neno "isiyosahaulika" linafanya kazi ileile: "si" inakana, "lik" inaonyesha kwamba jambo linawezekana.

Kifaransa nacho kinasaidia. Maneno yanayoisha kwa "tion" na "able" mara nyingi yanafanana katika luga zote mbili, na "ité" inageuka "ity". Lakini kuko mitego. "Eventually" si sawa na "éventuellement". Ya Kifaransa ni labda, ya Kiingereza ni mwishowe. Katika kontrati ya kazi, kulipwa mwishowe na kulipwa labda ni mambo mawili tofauti kabisa.

Kipande kidogo kinageuza maana

"Un", "in", "dis" na "non" mbele ya neno kwa kawaida zinakana. "Less" mwishoni ni bila. "Refundable" ni feza inayoweza kurudishwa, "non-refundable" hairudi. Mutu anayelipa akiruka herufi tatu za mbele, anaweza kupoteza feza yake.

Kuko maneno yanayovunja kanuni hii, na hayo njo ya kushika kwanza. "Inflammable" kwenye pipa la esanse haikane kitu: maana yake ni kwamba kinawaka moto kwa haraka, sawa na "flammable". Kisichowaka kinaitwa "nonflammable". Na "invaluable" si kitu bila bei. Ni kitu cha samani kubwa kupita bei yote.

Ndani ya Scrabble

Scrabble ilitungwa Marekani katika miaka ya 1930 na Alfred Butts, fundi wa kuchora nyumba aliyepoteza kazi wakati wa shida kubwa ya uchumi. Jina lenyewe lilikuja mwaka 1948. Kila muchezaji anashika herufi 7, na mwenye kuzitia zote kwa mara moja anaongezewa pointi 50. Njo maana wachezaji wakubwa wanatafuta maneno ya herufi 7 na 8. Kwa mfano A, E, I, N, R, S na T zinatoa "retains", "retinas" na "nastier".

Aliyezoea Scrabble ya Kifaransa anapashwa kuwa macho. W iko na pointi 10 kwa Kifaransa, lakini 4 tu kwa Kiingereza. S ziko nne tu kati ya vipande 100 vya Kiingereza, kwa hiyo ni vizuri kutozitumia ovyo: S moja inaweza kurefusha neno la mwenzako.

Ubao uko na nafasi 15 kila upande. "Misunderstanding" haiingii. Wala haiingii "pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis", yenye herufi 45, iliyotungwa mwaka 1935 na Everett Smith, mukubwa wa chama cha wapenzi wa mafumbo huko Marekani. Ilitengenezwa juu ya kushangaza watu. Waganga wanasema tu "silicosis": ugonjwa wa mapafu unaoletwa na mavumbi ya mawe, ambao unawapata wachimbaji wa madini. Neno hili fupi lina faida kuliko lile refu.

Tena, kujua herufi si kujua luga. Mwaka 2015, Nigel Richards wa New Zealand alishinda mashindano ya dunia ya Scrabble ya Kifaransa bila kusema Kifaransa. Alikuwa ameshika orodha ya maneno kwa kichwa. Kwa mwenye kutafuta kazi, hiyo haitoshi.

Bila ubao, bila feza

Darasani ao nyumbani, chaki inatosha. Mwalimu anaandika "international" ubaoni. Kila kikundi kiko na dakika tano za kutafuta maneno ndani yake: "rain", "train", "nail", "later", "learn", "nation". Herufi haitumiwe kupita hesabu yake: E ni moja tu, kwa hiyo "tree" inakataliwa.

Kisha inakuja sehemu ya pili, ambayo haifai kurukwa. Kila neno linapata pointi moja. Likitiwa ndani ya mufano wa kweli, wa soko, shamba ao kazi, linapata tatu. Mwishoni neno refu lenyewe linavunjwa: "inter" ni kati ya, "nation" ni taifa, "al" ni enye kuhusu. Siku darasa litakapokutana na "interprovincial", hakuna atakayeomba diksionere.